Ucheleweshaji wa Familia

Taasisi inatangaza, katika ukurasa wa tatu wa ripoti yake ya kila mwaka, chini ya picha ya bustani inayomwagiliwa maji siku ya kupigwa picha tu, kwamba hakuna sampuli hata moja ya ubongo iliyopata kuharibika mikononi mwake. Sampuli zilizoharibika, ripoti inaeleza kwa masikitiko, ziliharibika kabla ya kufika, na chanzo chake ni kimoja: ucheleweshaji wa familia. Sentensi hiyo haiguswi mwaka hadi mwaka. Kinachobadilika ni idadi.

Aliyekuwa akiipeleka idadi hiyo ghorofani, kwa karani anayeandika ripoti, alikuwa fundi wa maabara wa miaka hamsini na mitatu ambaye wenzake walimwita Barafu. Walimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyeshika ufunguo wa jokofu kubwa, lile la nyuzi themanini chini ya sifuri, na kwa sababu siku mkurugenzi wa zamani alipoanguka kwenye ngazi mbele yake, jambo la kwanza alilouliza Barafu lilikuwa, "Hiyo trei imemwagika?" Haikuwa imemwagika. Mkurugenzi alivunjika mguu.

Kinyozi akimuuliza anafanya kazi gani alijibu "maabara", na maswali yakaishia hapo, maana watu wakisikia maabara hufikiria mkojo. Kazi yenyewe ilikuwa nyingine. Watu waliokufa na ugonjwa wa Alzaima, ule unaomla mtu kumbukumbu kuanzia za jana kurudi nyuma, pamoja na wengine waliokufa akili zao zikiwa timamu, walikuwa wameacha ruhusa ubongo wao uchukuliwe usomwe. Barafu alikata vipande vidogo kama punje, akavisaga juu ya barafu kavu, akatoa humo kitu kisichoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli, jeni inayofanya kazi hutoa nakala za maagizo yake. Wataalamu huziita nakala hizo RNA. Barafu aliziita barua. Jeni yenye shughuli hutuma barua nyingi, iliyonyamaza haitumi kitu. Ukizihesabu barua, unajua katika ubongo ule nani alikuwa akisema na nani alikuwa amenyamaza. Kwa wagonjwa, jeni za kuunganisha seli na seli zilikuwa zimefifia sauti, na zile za uvimbe na kinga zilikuwa zikipiga kelele kama wapangaji waliokatiwa maji.

Ubaya wa barua hizi ni kwamba mtu akishakufa zenyewe huanza kuoza. Jokofu lisipofikiwa upesi, kinachobaki ni makombo ya karatasi. Mashine ilizipa alama kuanzia moja hadi kumi, na taasisi ilikuwa imechora mstari kwenye sita. Sampuli iliyopata sita au zaidi ilisomwa. Iliyopata chini ya sita ilijaziwa fomu yenye visanduku vitatu vya sababu: mashine, usafiri, familia. Kwa miaka kumi na tisa Barafu hakuwahi kutia alama kwenye kisanduku cha kwanza, kwa kuwa mashine ilikuwa mikononi mwake. Cha pili alikitia mara moja, mwaka gari lilipokufa darajani. Idara ya usafiri ikaitisha kikao, na fomu ikarudishwa ijazwe upya. Vya familia alikuwa amevijaza mia mbili na kumi na moja.

Hakuvijaza kwa furaha, lakini pia hakusita. Kuna mwanamume mmoja, dereva mstaafu, aliyewahi kuja hadi getini kuuliza kama ubongo wa mke wake ulifaa. Ulikuwa umepata tano nukta tisa. Barafu alitoka na koti lake jeupe akamwambia kwa adabu, "Ulichelewa, bwana."

"Nilichelewa mimi?"

"Sampuli. Sampuli ilichelewa."

"Nilikuwa nimemshika mkono," dereva akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Barafu alimpa kikaratasi chenye maelekezo ya mara nyingine, kisha akiwa nusu ya njia kurudi ndani akang'amua kwamba mtu yule hakuwa na mke mwingine wa kuleta.

Kila baada ya miezi mitatu alisimama katika ukumbi wa viti vya plastiki akazungumza na familia zilizojiandikisha. Hotuba yake ilikuwa fupi na watu waliikumbuka. "Msikae kulia," aliwaambia, kwa sauti ya mtu anayeomba mlango ufungwe. "Pigeni simu kwanza, mlie baadaye."

Mama yake alikuwa opereta wa simu. Kwa miaka thelathini na mmoja aliketi mbele ya swichibodi ya posta kuu, vidude vya kusikilizia masikioni, akiunganisha watu ambao hakuwahi kuwaona. Aliweka kichwani namba zaidi ya mia nane. Majina hayakumshughulisha, jirani akitajwa, yeye aliuliza, "Yule wa tano-tano-moja?" Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na cheti chenye jina lililokosewa. Cheti alikiweka kabatini, saa akaitundika, akahamia kwa binti yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili ambako cherehani ilikuwa na nafasi nzuri kuliko watu.

Katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyeielewa kazi ya mwanawe mara ya kwanza kuelezwa.

"Kwa hiyo nyinyi mnasikiliza simu za marehemu," alisema.

"Si simu, mama. Ni kama barua."

"Ni mamoja. Sisi tukikamatwa tunasikiliza tulifukuzwa kazi. Wewe unalipwa."

"Tunasikiliza kwa ruhusa."

"Hata mimi nilikuwa najipa ruhusa," mama akasema, na dada mtu akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Ugonjwa ulipoanza, wa kwanza kuujua alikuwa mama mwenyewe. Asubuhi moja alitafuta namba ya stesheni ya treni kichwani, akaikosa. Hakumwambia mtu kwa wiki nzima. Kisha akamwita mwanawe akamketisha. "Kuna laini zinakatika," alimwambia. "Leta hizo fomu zenu nikiwa bado najua kusaini."

Barafu alizileta siku iliyofuata. Mama alizisoma zote, hata maandishi madogo ya chini, akasaini mara tatu, akamtazama mwanawe juu ya miwani. "Mtanisikiliza?"

"Tutakusikiliza, mama."

"Isije ikawa mnanipeleka huko halafu nakaa kwenye friji kama mabaki."

"Mimi mwenyewe ndiye nitakayekusikiliza."

Ilikuwa ahadi iliyokiuka kanuni, maana kanuni inataka mtu wa mezani asijue sampuli ni ya nani. Lakini ilikuwa ahadi, na katika maisha yake hakuwa ametoa nyingi.

Pamoja na fomu ilikuja kadi ya njano, ya kubandika ukutani, yenye namba ya gari la zamu. Saa yoyote mgonjwa akifariki, familia ipige hiyo. Barafu hakuwaamini watu wa zamu. Alijua mmoja wao huzima simu akila, na mwingine huandika anwani mkononi kisha akanawa. Akatoa mfukoni kalamu ya kuandikia vichupa, ambayo wino wake haufutiki kwa maji, kwa spiriti, wala kwa baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, akaifuta ile namba mpaka ikawa mstari mweusi kama mfereji. Juu yake akaandika namba yake.

"Nipigie mimi," alimwambia dada yake. "Usimwambie mtu mwingine kwanza, wala jirani. Watu wakijua watajaa humu, watamwosha, watamsogeza, saa zitakwenda. Mimi nitapanga kila kitu."

"Na ukiwa kazini?"

"Mimi niko kazini siku zote. Ndiyo maana."

"Ndicho ninachouliza, mdogo wangu."

"Dada, hii ni fani yangu."

Mama, ambaye walidhani hasikilizi, alikuwa akikunja kitambaa cha sare kikawa kidogo, kisha kidogo zaidi. "Opereta haachi meza bila mtu wa kumpokea," alisema. Alikuwa amewaambia hivyo tangu wakiwa watoto, kila mmoja wao alipotoka nyumbani bila kufunga mlango, kwa hiyo hakuna aliyeyapa maneno hayo uzito. Kadi ikabandikwa juu ya cherehani.

Miaka mitatu baadaye ndipo Barafu alipotengeneza sanduku la simu. Sababu ilikuwa ya haki kabisa. Vidole vya binadamu vimejaa vimeng'enya vinavyotafuna RNA, na mtu anayetoa simu mfukoni na glavu mkononi, akaitelezesha, kisha akarudi kwenye sampuli, ni sawa na aliyelamba kijiko akakirudisha kwenye sufuria la wote. Mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mcheshi aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimi, aliwahi kupokea simu ya shemeji yake katikati ya kazi, na vichupa sita vikaenda na maji. Barafu akalala na jambo hilo, akaamka na ubao. Alilichonga sanduku mwenyewe Jumamosi, tundu kumi na mbili kama sega la nyuki, kila tundu na jina la mtu, akalipigilia misumari nje ya mlango wa chumba cha kukatia. Simu inabaki humo mpaka kazi iishe. Mkurugenzi alipendezwa, akaigeuza kuwa kanuni na kuitia namba.

Haikumpitia akilini kwamba sanduku hili na ile kadi ya njano vina uhusiano. Mtu aliyekuwa akiishi kwa kutazama jinsi seli moja inavyoshindwa kufikisha habari kwa seli ya pili, alijenga nyumba moja huku na moja kule, na asione kwamba hakuacha njia kati yake.

Mama aliendelea kupungua. Majina yaliondoka kwanza, jambo ambalo halikumsumbua sana. Namba zilibaki. Miaka miwili ya mwisho alimwita mwanawe "mbili-saba-nne", na dada akachimba mpaka akajua kwamba zamani hiyo ilikuwa namba ya idara ya maji, ofisi iliyosifika mji mzima kwa kutopokea simu. Dada alivunjika mbavu. Barafu naye alicheka, wakati ule.

Alikwenda kila Jumapili, saa nane hadi saa kumi. Hakuwahi kukosa, na hakuwahi kuzidisha. Alikuwa na daftari dogo la kijani ambamo aliandika maneno yaliyopotea wiki hiyo: kijiko, jana, mkwe. Aliandika kwa tarehe. Dada aliliona daftari siku moja akamuuliza, "Na yeye ukishamaliza kumwandika, utazungumza naye saa ngapi?" Alijibu kwamba mabadiliko haya yana thamani kubwa yakilinganishwa baadaye na hali ya tishu. Dada akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Jumapili moja mama alimshika mkono wa shati alipokuwa akiinuka.

"Kaa," alisema. "Laini iko wazi."

"Nina kazi asubuhi, mama. Nitakuja wiki ijayo."

"Iko wazi sasa."

Akautoa mkono wake taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, kama anavyovua glavu. Njiani aliandika katika daftari: *ametumia neno "wazi" mahali pake*. Sentensi hiyo bado imo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Kulikuwa na sampuli ishirini na nne za kukatwa kwa mkupuo mmoja, maana zikikatwa kwa siku mbili tofauti mtu hawezi tena kujua kama tofauti anazoziona ni za ugonjwa au za siku. Barafu aliweka simu yake kwenye tundu la kwanza, akavaa glavu jozi mbili, akaingia. Watu wengine walitoka kula. Yeye kwa kawaida hakutoka, na alijivunia hilo zaidi kidogo kuliko alivyoonyesha.

Saa sita na robo Redio alirudi kutoka kunywa chai, akasimama mlangoni.

"Barafu, sanduku lako linaita."

"Liache liite. Kama ni muhimu watapiga tena."

"Ndivyo wanavyofanya. Wanapiga, wanapiga tena. Mbao zinanguruma utadhani kuna nyuki."

"Basi ni watu wa bima," alisema Barafu bila kuinua macho. Alikuwa kwenye sampuli ya kumi na tatu, mwanamume, miaka sabini na tisa, saa tano na nusu tangu kifo. Ilikuwa ikikatika vizuri sana. "Watu wa bima hawana haya."

"Nikuangalizie ni nani?"

"Kanuni, Redio."

"Haya, mwenye kanuni zako," Redio akasema, akaenda zake. Baadaye alijilaumu kwa kutoangalia, akalia jikoni mwa taasisi mpaka mkurugenzi akampa ruhusa ya siku moja. Barafu alimwambia mara nyingi kwamba hakuwa na kosa. Hilo nalo lilimchosha, kwa sababu kila alipomsafisha Redio lawama ilibaki chumbani ikitafuta pa kukaa.

Alitoka saa kumi na dakika ishirini jioni, shingo imekakamaa, vichupa ishirini na vinne vimepangwa kama askari. Simu ilionyesha kwamba dada amepiga mara kumi na saba. Ya kwanza ilikuwa saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Ya mwisho ilikuwa saa tisa na nusu, na baada ya hapo hakupiga tena.

Alipigia simu gari la zamu akiwa bado na koti jeupe. Ilipokewa mara ya kwanza tu ilipolia. Hilo nalo hakulisahau.

Nyumbani alimkuta dada ameketi kwenye kiti cha cherehani, mlango umefungwa kwa ndani. Mama alikuwa amefunikwa kwa kitambaa cha sare kisichokatwa. Alikuwa na homa tangu Jumapili. Asubuhi ile saa nne kasorobo aliomba maji, akanywa nusu, akakata roho kwa utulivu kama anayeweka simu chini. Kwa muda wa zaidi ya saa sita na nusu dada alikaa na maiti chumbani peke yake. Jirani alibisha akitaka kuazima mkasi, naye akamjibu kwa dirishani kwamba mama amelala. Aliibandua kadi ukutani akaishika kwenye mwanga wa dirisha, ajaribu kuisoma namba iliyofutwa. Wino ulikuwa mzuri. Alijaribu na mafuta ya taa pia, na kadi ilikuwa pale mezani, imelowa, mstari mweusi haujapungua hata kidogo.

"Nimekuja," alisema Barafu.

"Nimekuona."

"Nilikuwa..."

"Najua ulikuwa wapi." Dada alinyoosha sketi yake juu ya magoti. "Ulisema nipige kwanza, nilie baadaye. Bado sijalia."

Akaanza kulia hapo, na kwa sababu watu wa zamu waliingia dakika ile ile na sanduku lao, alilazimika kukatiza ili awaonyeshe pa kupita.

Ubongo wa mama uliingia jokofuni saa mbili kasorobo usiku. Saa kumi kamili tangu kifo. Mwenye ufunguo wa jokofu ndiye aliyelifungua.

Alizikwa Ijumaa. Miezi mitatu baadaye, kwenye trei ya sampuli mpya, kulikuwa na kichupa chenye namba tu, kama kanuni inavyotaka, na kwenye karatasi yake: mwanamke, miaka themanini na miwili, saa kumi. Redio alikiona kwanza.

"Nipe hiki mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Nina nafasi."

"Sampuli ni sampuli," Barafu akajibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba Redio, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, alizima.

Alikisaga mwenyewe. Alibadilisha glavu mara nne. Alifanya kila hatua polepole, kwa unadhifu ambao hakuna sampuli iliyowahi kuupata, ingawa alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba unadhifu wa mezani haurudishi kilichooza nyumbani. Mashine ilichukua nusu saa. Iliandika tano nukta sita.

"Mashine hii hupishana nusu nzima siku nyingine," Redio alisema nyuma yake. "Wewe mwenyewe umewahi kuniambia. Weka sita. Nani atajua?"

"Rudia," alisema Barafu, akijiambia mwenyewe, akarudia. Ilikuja tano nukta nne.

Alikaa akiitazama namba ile. Alimkumbuka dereva wa getini na tano nukta tisa yake. Alijaribu kutafuta tofauti kati ya mke wa dereva na mama yake mwenyewe ambayo ingesimama mbele ya kikao cha wataalamu, akaikosa. Akavuta fomu. Aliandika namba ya sampuli, akaandika alama, akafika kwenye visanduku vitatu, kalamu ikasimama.

Ghorofani, mkurugenzi alimpokea kwa upole wa kweli. Alikuwa daktari kabla ya kuwa mkurugenzi, na siku kama hizo alikumbuka.

"Alikuwa na homa ya siku tatu," alimwambia. "Homa ndefu kabla ya kifo huozesha barua zako hata kabla mtu hajafa. Huenda angefika kwa saa mbili na bado akapata tano."

"Huenda."

"Hatuwezi kujua."

"Hatuwezi," Barafu alikubali. "Hakuna wa kulinganisha naye." Akaiweka fomu mezani. "Daktari, naomba kiongezwe kisanduku cha nne. Kiandikwe *taasisi*."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Tukiongeza kisanduku itabidi tueleze kwa nini kipo. Na kikiwepo, watu watakijaza. Isitoshe, ndugu yangu, taasisi ilifanya nini? Gari lilikuwepo. Namba ilikuwepo. Nani aliyeifuta?"

Barafu alishuka ngazi, zile zile zilizomvunja mguu yule mkurugenzi wa zamani, akaketi mezani pake, akatia alama ya vema kwenye kisanduku cha tatu.

"Familia?" Redio aliuliza.

"Familia."

Jumapili alikwenda kwa dada yake kama kawaida, saa nane. Daftari la kijani hakulibeba. Dada alikuwa akishona mifuko ya mashati, rundo zima, mguu ukikanyaga cherehani bila kuhitaji kufikiri.

"Wamemsikiliza?" aliuliza, bila kusimamisha mguu.

Alikuwa ameandaa majibu mawili njiani. La kwanza lilikuwa la uongo na lilikuwa zuri. Alilileta mdomoni, likagoma kutoka.

"Hakusikika," alisema. "Alichelewa kufika. Haikufaa."

Cherehani ikanyamaza. "Yote?"

"Kipande kimoja kitatumika kufundishia wanafunzi kushika kisu. Vingine vinachomwa."

"Mimi nilipiga saa nne kasoro dakika tano."

"Najua, dada."

"Dakika kumi baada ya kufa. Nilimfumba macho, nikapiga."

"Najua. Wewe hukuchelewa."

Dada alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho yale yale ya juu ya miwani aliyoyarithi kwa mama. Kama alitaka kumtukana, alikuwa na haki na nafasi, na hakuna mtu mwingine chumbani. Alichofanya ni kuvuta kiti cha mama kutoka ukutani na kukisogeza karibu na cherehani.

"Kaa," alisema. "Nishikie huu upindo, unanitoroka."

Alikaa. Alishika upindo mpaka saa kumi ikapita, ikaja saa kumi na moja, saa ya ukutani ya posta ikagonga, na hakuna kati yao aliyesema ni saa ngapi. Tangu hapo huwa anakaa mpaka giza. Huzungumza mambo madogo: vifungo, kodi, mpwa wao aliyefeli mtihani wa udereva mara ya tatu. Mara nyingine humwambia dada jambo ambalo zamani angemwambia mama, na dada hulijibu vibaya, na yeye hulipokea hivyo hivyo. Mama angelijibu vizuri. Lakini alipokuwa akijibu, yeye alikuwa anaandika.

Sanduku la simu bado lipo mlangoni. Aliomba ling'olewe, akaambiwa kwamba tangu liwekwe, alama za sampuli zimepanda, na ni kweli, zimepanda, yeye ndiye aliyepima. Katika hotuba zake za ukumbini ameacha kusema habari ya kulia. Huwaambia watu waibandike kadi ya njano ilivyo, wasiiandike kitu, kisha hukaa chini mapema, na familia hubaki zikitazamana zikidhani kuna sehemu ya pili.

Ripoti ya mwaka ule ilitoka kwa wakati, bustani ikiwa imenywa maji. Ukurasa wa tatu unasema sampuli kumi na nne ziliharibika, zote kabla ya kufika mikononi mwa taasisi, zote kwa ucheleweshaji wa familia. Kwa upande wa sampuli ya kumi na nne, kitabu cha mahudhurio kilichoko mlango mkuu kinaonyesha kwamba siku ya kifo familia iliingia kazini saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, na kutoka saa kumi na dakika ishirini na tano jioni.